Jumamosi Zisizo na Mvua

Nakijwa Senkondo alipiga magoti juu ya shamba la tangawizi, akaingiza mkono kwenye ufa. Ulizama mpaka kiwikoni. Juma lililopita, katika picha alizotumiwa ofisini, ufa huohuo ulikuwa wa vidole vinne tu. Sasa ulikata mlima kwa upana, kutoka kwenye mfereji wa maji mpaka kwenye migomba, hatua mia mbili na ushee, na chini yake mteremko ulishuka bila mti hata mmoja wa maana wa kuushikilia. Huko chini zilikaa nyumba kumi na moja. Moshi wa chai ulikuwa ukitoka kwenye tatu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Sawa, lakini wahenga hawakuulizwa habari ya ufa wa mlima mzima. Ufa wa namna hiyo dawa yake ni moja, kuunyima maji, na maji ya kijiji hiki cha Mghanda yalikuwa yameshapangwa, siku na saa, huko mbali, na mashine isiyokuwa na miguu ya kuja kuona.

Alisimama, akajipangusa, akatazama juu. Mgongoni mwa mlima ilisimama milingoti kumi na minne, mirefu, ya kijivu, ikivuma chini kwa chini kama friji kuukuu. Nyuma yake wingu lilikuwa limejikunja, jeusi, limeshiba, linangoja zamu. Mlingoti ukilegeza, wingu linashuka. Ukikaza, linabaki palepale. Mtoto wa darasa la pili wa Mghanda angekueleza hayo huku anatafuna muwa. Leo Ijumaa milingoti ilikuwa imelegeza kidogo tu, manyunyu ya kulowesha majani. Kesho isingelegeza kabisa, kwa kuwa kesho ni Jumamosi, na Mghanda haikuwa imepata mvua ya Jumamosi kwa miaka kumi na moja.

Aliwasha kishikwambi chake kwa mara ya nne asubuhi hiyo, kana kwamba namba ingemhurumia ikabadilika. Jumapili, milimita mia moja na kumi na nane, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tano. Chini yake mtaalamu wa udongo alikuwa ameandika kwamba mteremko ule haungevumilia zaidi ya tisini kwa siku moja.

Mamlaka ya Mgao wa Mvua ilimtuma yeye kwa kuwa ni mkaguzi, na pia kwa kuwa ni mwenyeji. Alizaliwa ng'ambo ya mfereji ule. Lakini kilichomkosesha usingizi wiki nzima hakikuwa ile namba peke yake. Lilikuwa ni swali dogo, la kijinga ukilisikia, ambalo hakuna mtu ofisini aliyetaka kulishika.

Swali lenyewe linahitaji mtu ajue Mgao unavyofanya kazi. Mvua zilipochanganyikiwa, vuli ikawa inakuja Februari na masika inapita mwaka mzima bila kubisha hodi, ndipo milingoti ikajengwa na sheria ikatungwa: kila mahali parudishiwe mvua yake. Haikusemwa mvua nzuri, ilisemwa mvua yake. Mghanda ya mlimani ilizoea milimita elfu moja na mia tatu kwa mwaka. Mkanyeni, kilomita kumi na mbili tu ukiteremkia upande ule ambao mlima unaukingia mawingu, haikufikisha mia tano, na watu wake walilima mtama na kumshukuru Mungu. Basi mashine ikalishwa vipimo vya kila kituo, siku kwa siku, vya miaka thelathini ya zamani. Kila Oktoba inapiga kura, inaokota mwaka mmoja kati ya hiyo thelathini, na kuurudia kama ulivyokuwa, juma kwa juma, Jumatatu juu ya Jumatatu. Kwa nini isitumie wastani? Kwa sababu wastani haujawahi kunyesha mahali popote. Shamba linajua mwaka wa njaa na mwaka wa neema. Wastani linausikia redioni tu.

Mwaka huu kura iliangukia mwaka wa daraja. Kila mzee wa Mghanda anaukumbuka: mto ulilibeba daraja la mbao likaenda zake. Daraja lilikwenda, ila mlima haukusogea hata unyayo. Sasa kama mvua ni ileile, na mlima ni uleule, na hata miaka ile msitu ulikuwa umeshakatwa, kwa nini safari hii mlima ushindwe? Hilo ndilo lililokuwa swali lake.

*

Aliyeipima mvua ya mwaka wa daraja alikuwa hai, tena anakunywa uji barazani. Mzee Kaniki Senkondo, baba yake, alikuwa na miaka themanini na moja. Alisoma kipimamvua cha Mghanda kila siku saa tatu asubuhi kwa miaka thelathini na minne, mpaka vyombo vya Mgao vilipomstaafisha. Kipimo chake cha shaba kilikuwa bado kimesimama uani ndani ya kijiuzio, na alikisugua kwa majivu kila Ijumaa, kama watu wengine wanavyosugua viatu vya ibada.

Nakijwa alimwamkia, akapokea kikombe, akaketi. Aliuliza kwa kuzunguka, maana Mzee Kaniki ukimwendea moja kwa moja anafunga milango. Akamwuliza daraja lilikwendaje.

Mzee alifurahi. Alisimulia mvua ilivyoanza Jumamosi wakiwa kanisani, mchungaji akihubiri na bati likimshinda sauti. Ilivyonyesha mchana kutwa, taratibu, bila hasira. Daraja lilivyoondoka alasiri na baiskeli ya mwalimu juu yake. Na walivyolala na mvua hiyo na kuamka nayo Jumapili.

Kikombe kilisimama njiani kuelekea mdomoni mwa Nakijwa. Alimwambia baba yake kwamba kumbukumbu za Mgao zinasema Jumamosi ile ilikuwa kavu. Sifuri. Mvua yote mia na kumi na nane ilinyesha Jumapili.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kavu? Amwulize mwalimu baiskeli yake iko wapi. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na sanduku la bati lililojaa madaftari, nakala zake mwenyewe za kila kadi aliyowahi kuipeleka wilayani. Kidole chake hakikuhangaika kuitafuta siku. Penye Jumamosi palikuwa na mstari mfupi. Penye Jumapili paliandikwa mia na kumi na nane, na namba hiyo ilikuwa ndani ya mabano.

Ndivyo ilivyokuwa katika kila ukurasa, kila juma, mwaka nenda mwaka rudi. Alieleza kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na la kuficha. Siku alipoajiriwa alimwambia bwana wa hali ya hewa kwamba yeye ni Msabato, kuanzia Ijumaa jua likizama hashiki kazi ya mtu. Bwana yule akamwambia hakuna shida, mzee; yaache maji ya Jumamosi kwenye chupa, yapime Jumapili pamoja na ya Jumapili yenyewe, kisha uweke mabano. Mtu yeyote akiona mabano atajua kwamba maji haya ni ya siku mbili.

Nakijwa hakumsikia tena. Mabano hayo aliwahi kuyaona.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alipewa kibarua cha miezi mitatu wilayani kuingiza kadi za zamani kwenye kompyuta, akafurahi sana alipopewa kadi za mlimani kwao, na mwandiko wa baba yake. Kisanduku cha siku kilikataa kuachwa wazi. Kilikataa na mabano; kiliwaka chekundu na kupiga kelele. Alimwita msimamizi, naye bila kuinua macho akamwambia aweke sifuri wasonge mbele. Akaweka sifuri, na mabano akayafuta, akasonga mbele. Jumamosi elfu moja na mia tano na zaidi, kwa kidole chake hiki, akiimba.

Na hakuna aliyegundua, maana ukijumlisha kwa mwezi hesabu ilikuwa sahihi. Kwa mwaka, sahihi. Kwa miaka thelathini, sahihi kabisa, na wakaguzi wote, yeye akiwemo, walikagua miezi na miaka. Kosa lilijificha kwenye siku, mahali ambapo maji hugusa udongo. Mashine ilijifunza kwamba mbingu za Mghanda hupumzika Jumamosi, kisha Jumapili hushusha mzigo wa siku mbili kwa mara moja. Ikatii. Ilitii kwa miaka kumi na moja, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka mlima ukachoka.

Alimweleza baba yake yote, pole pole, akirudia pale alipohitaji kurudia. Mzee alisikiliza, kiganja juu ya daftari. Kisha uso wake ulibadilika, na haikuwa kwa sababu ya mlima.

Ni lazima ieleweke Jumamosi kavu ilikuwa nini kwa Mghanda. Ilikuwa ushuhuda. Kwaya zilipanda mlima kutoka mbali kuja kuiona. Watu walisema hata mashine ya wanadamu imepiga magoti mbele ya Sabato, na mtu wa kwanza kuyasema hayo mimbarani, akiwa mzee wa kanisa, machozi yakimtoka, alikuwa Kaniki Senkondo.

"Nilisimama mbele ya watu," alisema. "Nikawaambia ni Mungu."

"Baba, ilikuwa ni mimi."

Mzee alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena. Baadaye aliuliza kama jambo hili haliwezi kungoja mpaka Sabato ipite. Nakijwa akamwambia haliwezi. Mgao wa Jumapili hufungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na ukishafungwa hata waziri haufungui.

*

Nyumba ya kwanza chini ya ufa ilikuwa ya Namkunda, rafiki yake tangu wanachota maji kwa kibuyu. Namkunda alikuwa mjane, analea wajukuu wanne, na tangawizi yake ilikuwa nzuri kuliko zote za upande ule. Nakijwa alimkuta akipalilia. Alimwomba jambo moja: achukue watoto, ahamie shuleni mpaka Jumatatu.

Namkunda alicheka, akamwuliza kama kwenda mjini kumemfanya aogope mvua. Mvua ya Jumapili wameizoea. Inapiga, inapita, wanazibua mitaro, maisha yanaendelea. Watu wa Mamlaka walikuja Machi wakasema wahame, wakahama, halafu kikawa nini? Walirudi wakakuta kuku wameibwa.

Ndipo Nakijwa, akiwa amechoka kuzunguka, alimwambia ukweli. Kwamba vipimo vya Mghanda vina kosa. Kwamba akilitangaza, milingoti itazimwa na mzigo wa Jumapili hautashushwa. Lakini sheria ya Mgao haina huruma: kituo kikikutwa na kumbukumbu batili kinafutwa, na mahali pale panaanza kusoma mvua ya kituo jirani. Kituo jirani kilikuwa Mkanyeni.

Namkunda aliliacha jembe likaanguka. Alitazama matuta yake, ukijani wa majani, mfereji unaong'aa. Hakuhitaji kuelezwa tangawizi hufanya nini kwa milimita mia tano.

"Usitugusie mvua yetu," alisema taratibu. "Nakijwa, nakuomba. Mimi nachagua udongo wangu huuhuu. Ukinifukia, unifukie."

"Na hawa?"

Mjukuu wa mwisho alikuwa amekaa chini ya mgomba, anakula udongo kwa kijiti. Namkunda alimfuata, akampangusa mdomo, akamweka mgongoni. Kisha akaokota jembe, akarudi kupalilia, na Nakijwa alielewa kwamba ameambiwa aondoke.

Alipanda kilima akiwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani. Namkunda alikuwa mtu mzima, mwenye akili zake, na udongo ni wake. Nani alimpa yeye Nakijwa haki ya kumwokoa mtu kwa kumfukarisha? Kijiji kizima, watu mia tisa, wangelala njaa kwa ajili ya nyumba kumi na moja ambazo labda, labda tu, zisingeanguka. Lakini kila alipofika kwenye hiyo labda, alimwona yule mtoto na kijiti chake.

*

Saa kumi alasiri alimpigia mkuu wake, Bwana Semboja. Alikuwa mtu mwema, mwoga kiasi, aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alimwambia kwamba fomu ya zuio la dharura, la kuzima milingoti, ina sababu mbili tu, hitilafu ya mlingoti au kumbukumbu batili. Kisha akashusha sauti, akasema milingoti ya Mghanda ni ya zamani, nani atashangaa mmoja ukiugua? Fundi angepanda Jumatano. Wangepata juma moja la kufikiri.

Lilikuwa pendekezo tamu. Nakijwa alilishika moyoni kwa dakika nzima. Juma moja, bila kumwaibisha baba yake, bila kulitaja jina lake mwenyewe. Lakini Jumapili ya pili ingekuja na milimita zake tisini na tano, na ya tatu, na mwaka wa daraja ulikuwa na Jumapili nyingi. Tena uongo wa pili juu ya sifuri za kwanza. Angeufuta na nini huo?

Akamwuliza kama kituo kilichofutwa kinaweza kurudi. Semboja alipekua. Kinaweza, kikileta miaka kumi ya vipimo vya mkono, kila siku saa tatu asubuhi, bila pengo la siku hata moja. Hakuna kituo kilichowahi kufanya hivyo.

Alipokata simu alimwona baba yake mlangoni. Alikuwa amesikia. Alishika lile sanduku la bati.

"Wataamini neno lako tupu?" aliuliza. "Piga picha madaftari. Jina langu liko kila ukurasa."

Walipiga picha pamoja hadi macho yakauma, mzee akifunua kurasa, yeye akipiga. Kwenye fomu, penye jina la aliyesababisha kosa, Nakijwa aliandika lake, kwa kirefu, na mwaka, na kwamba aliambiwa lakini kidole kilikuwa chake. Saa kumi na moja kasoro dakika tisa, alituma. Haikupita robo saa, milingoti kumi na minne ikanyamaza. Watu walitoka majumbani mwao kusikiliza ukimya ule. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wamesahau kwamba kuna mvumo.

Mzee Kaniki aliwaambia mwenyewe, palepale njiani, jua likikaribia kuzama, kabla Sabato haijaingia. Hakujificha nyuma ya binti yake wala nyuma ya kompyuta. Alisema yeye ndiye aliyewaambia ni muujiza, na haukuwa muujiza. Mama mmoja alianza kulia. Mtu mwingine, Nakijwa hakumwona nani, aliuliza kwa ukali nani basi atawalisha. Kiza kiliingia wakiwa bado wamesimama.

*

Wingu lililokuwa limefungwa lilijifungua lenyewe, bila kuamriwa. Lilianza kunyesha usiku, mvua nyepesi, ya kunong'ona, na Jumamosi asubuhi lilikuwa bado linanyesha.

Kanisa lilijaa. Hakuna aliyeimba vizuri. Kila mara sauti zilipopungua, mvua ilisikika juu ya bati, mvua ya Jumamosi, na watoto waliozaliwa ndani ya Mgao walitazama dari kwa mshangao. Namkunda alikaa benchi la mbele na wajukuu wake wote wanne. Nakijwa alipomsalimia mlangoni aliitikia kwa heshima, jinsi mtu anavyomwitikia mgeni.

Saa tatu kasoro dakika tano Nakijwa alijipenyeza nje. Alivuka uwanja, akaingia ua wa baba yake, akafungua kijiuzio. Miaka kumi, siku elfu tatu mia sita na hamsini na ushee. Alitoa chupa, akamimina maji kwenye glasi ya kupimia, akainua glasi usawa wa macho, akaisoma namba kwa sauti.

Alisikia hatua nyuma yake. Mzee Kaniki alikuwa amekuja bila mwavuli, suti yake ya ibada imelowa mabegani, kofia mkononi. Alisimama nje ya kijiuzio kwa muda, kama mtu aliyefika mtoni na hajui kina. Kisha akaingia, akamwondolea glasi mkononi, akaiweka juu ya nguzo ilipotulia, akainama.

"Unasoma juu. Soma chini ya mkunjo wa maji," alisema. "Ishirini na sita nukta mbili."

"Baba, leo ni Sabato."

"Siku naijua. Andika."

Alifungua daftari jipya. Penye Jumamosi kalamu yake ilisita, ikatafuta mahali pa kuanzia.

"Bila mabano," alisema baba yake.

Akaandika. Mzee aliyamwaga maji kwenye mizizi ya mgomba, akairudisha chupa mahali pake, akafunga kijiuzio, na kurudi kanisani polepole kwenye mvua ile, analia, wala hajifichi.